Bata na Mkono Umlishao

Wanyama walio karibu na mwanadamu wamegawanyika mafungu matatu. Wako anaowakimbia, wako anaowakimbiza, na wako wanaomjia wakiitwa. Kwa fungu la kwanza mwanadamu hudaiwa hadhari. Kwa la pili hudaiwa kiasi. Lakini kwa fungu la tatu deni lake halijulikani wazi, na yamkini ndiyo sababu hulipwa kwa nadra. Simba hakumwamini mtu hata siku moja, wala paa hakumwamini. Mnyama ajaye mkononi ameweka chini silaha mbili alizopewa na maumbile, yaani woga na mbio, naye ameziweka chini kwa sababu mkono ule ule ulimfundisha kuziweka. Swali la insha hii ni dogo kwa umbo, maana lahusu bata. Lakini uzito wake si mdogo. Je, mkono uliomfundisha mnyama kuamini waweza kumchinja bila ya kufanya hiana?

Swali hili laweza kuulizwa popote penye ua na banda, lakini hapa litaulizwa Maneromango, mji mdogo wa Uzaramo katika wilaya ya Kisarawe, mkoa wa Pwani, upande wa kusini-magharibi wa Dar es Salaam. Nchi yake ni ya vilima na mabonde. Udongo wake una mchanga mwingi; juu yake husimama miembe, minazi na mikorosho, na kati ya miti hiyo hulimwa mihogo. Wamisionari wa Kijerumani walijenga kituo chao hapo katika miaka ya 1890, na wageni wengine wamekuja na kwenda tangu hapo. Mji mkubwa wa pwani hauko mbali, na kila mwaka wazidi kusogea. Katika mji huo wako watoto ambao hawajapata kumgusa kuku mwenye uhai. Humjua akiwa amekwisha kugawanywa mapaja na mbawa. Ndiyo maana mtu wa Maneromango mwenye ua mpana, kivuli cha mwembe na ndege kadha wapole, anacho kitu ambacho mzazi wa mjini yu tayari kukilipia.

Katika ndege hao ni vigumu kumpata afaaye kwa shughuli hiyo kuliko bata wa kienyeji, yule mwenye uso mwekundu wa vinundunundu, kifua kipana na mwendo wa mzee aliyeshiba. Jina lake ni bata tu. Wengine waliopewa jina hilo waliongezewa sifa: yuko bata mzinga, ambaye kwa nasaba si bata hata kidogo, na yuko bata bukini, aliyebeba jina la kale la kisiwa cha Madagaska. Huyu hakuongezewa chochote, kana kwamba alizaliwa hapo hapo pamoja na mwembe. Kumbe naye ni mgeni wa mbali. Kwao ni misitu na mito ya Marekani ya Kati na ya Kusini, na wenyeji wa nchi hizo walikuwa wamekwisha kumfuga kabla Columbus hajavuka bahari mwaka 1492. Meli za Ulaya zilipoanza kwenda na kurudi ndipo alipotawanywa ulimwenguni. Waingereza walimwita kwa jina la nchi ya Moscow, asikotoka. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, alipomwandika katika orodha ya viumbe mwaka 1758 alimpa jina lenye maana ya miski, ingawa harufu ya banda lake haimkumbushi mtu miski. Kila taifa lilimwita lilivyotaka, na yeye hakukataa jina hata moja.

Tabia zake zastahili kuelezwa, kwa kuwa hukumu ya haki haitolewi juu ya kiumbe asiyejulikana. La kwanza ni ukimya. Bata wa jamii nyingine hupayuka mchana kutwa. Wa jamii hii, dume hana sauti ila mfoko wa pumzi kama mvuke utokao katika birika, na jike hulia kwa mtetemo mwororo usiofika mbali. Mtoto aogopaye jogoo na mbwa hukaa karibu naye bila ya hofu. La pili ni salamu yake. Akimwona amjuaye hutikisa mkia, huinua kishungi, na hupeleka kichwa mbele na nyuma kama mtu akubaliye maneno. La tatu ni uvumilivu. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21, na ya bata wengi wa kufugwa kwa siku 28. Jike wa jamii hii huatamia siku 35, akitoka mara chache kula, kunywa na kulowanisha manyoya. Wafugaji huweza kumpa hata mayai ya ndege wengine, naye huyalea bila ya kuuliza nasaba. La nne ni manufaa yake ya kila siku, maana hula nzi, panzi, mende na konokono, na huusafisha ua bila ya kuombwa.

Hana budi kuelezwa na aibu zake pia. Makucha yake ni makali, kwa sababu kwa asili ni ndege wa kulala juu ya matawi, na mtu amshikaye vibaya hupata mikwaruzo. Dume hupigana na madume wenzake, na majike wakiwa wachache huwachosha na kuwajeruhi. Kinyesi chake ni kingi na cha majimaji. Aweza kubeba ugonjwa wa mdondo bila ya kuonyesha dalili, akawaachia kuku, ambao hufa kwa mafungu. Na mkono uliompapasa, usiponawiwa, waweza kupeleka maradhi ya tumbo mdomoni. Kwa hiyo si malaika mwenye manyoya. Ni kiumbe kama viumbe wengine, mwenye haja zake, hasira zake na namna yake ya kufurahi; na jambo hili la mwisho ndilo litupalo uzito juu ya mtu, kwa kuwa kisichoweza kufurahi hakiwezi kudhulumiwa.

Kazi ya kupapaswa ni mpya katika historia ya wanyama. Ng'ombe alivuta jembe, punda alibeba mzigo, paka alilinda ghala, kuku alitaga. Upole wao ulikuwa njia ya kuifikia kazi, haukuwa kazi yenyewe. Miji ilipokua na watoto wakazaliwa mbali na mazizi, upole ukawa bidhaa. Mwaka 1938 bustani ya wanyama ya Philadelphia, Marekani, ilifungua sehemu ya watoto, ili waweze kuwakaribia wanyama wapole badala ya kuwatazama tu kwa mbali. Na mtindo wa namna hiyo umeenea katika nchi nyingi. Mashamba ya kupapasia wanyama hayauzi nyama wala mayai wala manyoya. Huuza kuaminiwa. Mtoto hulipiwa kiingilio ili kwa muda wa saa moja kiumbe asiye wa jamii yake amkubali.

Na achukuliwe kwa mfano mzee mmoja wa Maneromango aliyefungua ua wake kwa wageni wa namna hiyo. Siku za Jumamosi magari huja kutoka mjini. Watoto huingia kwanza, wakapewa chenga za mchele viganjani, na bata huja wakala, wakapapaswa shingo, wakatikisa mikia. Wazee wao hukaa kivulini wakanywa madafu, kisha huletewa chakula. Mzee huyu si tajiri, na wali wa nazi kwa bata ni chakula chenye sifa. Basi asubuhi bata hupapaswa, na adhuhuri mmoja wao huwa mchuzi. Jumamosi moja mtoto wa kike aliyerudi mara ya pili asimama katikati ya ua, atazama huku na huku, na auliza: "Babu, yule mweupe mwenye doa jeusi kichwani yuko wapi?"

Mzee aweza kujibu kwa njia tatu. Aweza kusema bata amesafiri, na huo ni uongo. Aweza kusema bata ameliwa, na huo ni ukweli ambao wazazi hawakuulipia. Aweza kucheka na kumpa mtoto chenga nyingine za mchele, na hiyo ndiyo njia nyepesi. Lakini wepesi wa jibu hauondoi swali. Mtoto hakuuliza habari za mapishi. Aliuliza habari za mtu wake.

Watu wengi watasema hapana kosa lolote hapo. Hoja yao ina nguvu, na si haki kuipita kwa haraka. Husema bata hajui mauti, hana kesho akilini mwake, na hakupewa ahadi yoyote. Alilishwa, alinyweshwa, alilindwa na kicheche na mwewe. Na siku yake ya mwisho, kisu kikiwa kikali na mkono ukiwa wa mjuzi, mateso yake ni mafupi kuliko ya bata wa mwituni aliyekamatwa na mamba. Lau asingalifugwa asingalizaliwa. Kwa hesabu hii bata ni mdaiwa, si mdai.

Hesabu hiyo ni sahihi katika tarakimu zake, ila imeacha kuandika jambo moja. Ni kweli kwamba bata hakuahidiwa kwa maneno, maana maneno si lugha yake. Lakini iko lugha aijuayo, nayo ni lugha ya mazoea. Konrad Lorenz, mtaalamu wa Austria aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Karl von Frisch na Nikolaas Tinbergen, alionyesha kwamba kifaranga wa bata bukini aanguliwapo humfuata kiumbe wa kwanza amwonaye akienda mbele yake, hata akiwa mtu, akamfanya kuwa mama. Kifaranga yule hakukosea. Alisoma ishara iliyokuwa mbele yake kwa herufi pekee alizopewa. Mtu amzoezaye bata mkono, siku baada ya siku, kwa sauti ile ile na chakula kile kile, amemwambia jambo: hapa hapana hatari. Amelisema mara mia. Ikiwa wakati wa kulisema alikuwa amekwisha kukusudia kinyume chake, basi hakuna jina jingine la tendo hilo ila udanganyifu, ijapokuwa aliyedanganywa hana shahidi wala mahakama.

Tena kutokuwa na mahakama hakupunguzi kosa, huliongeza. Watu wa pwani wana neno amana, na katika neno hilo mna sharti la ajabu: kadiri mwenye amana anavyokosa nguvu ya kuidai, ndivyo inavyozidi kumfunga aliyeipokea. Mali ya tajiri hulindwa na wakili na hati zake. Mali ya yatima hailindwi na kitu ila dhamiri ya mlezi wake. Na mlezi aliyeila husemwa vibaya kuliko mwizi wa dukani, kwa sababu mwizi alivunja mlango, na yeye alipewa ufunguo. Bata wa mkononi amempa mtu ufunguo. Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako ilitungwa na wanadamu kwa kuonyana juu ya marafiki wa uongo. Lau bata angekuwa na ulimi, angeitumia kwa haki zaidi kuliko wao.

Hapa hoja yaelekea kwenda mbali mno, na yafaa izuiwe. Ikiwa kumchinja aliyezoea mkono ni hiana, je, kila mama wa Uzaramo afugaye kuku na bata nyuma ya nyumba ni haini? Mjane mwenye bata sita huwauza wawili ili mtoto apate sare ya shule, humchinja mmoja siku ya sikukuu, naye pia huwaita jioni kwa pumba za mahindi. Hukumu imtiayo hatiani mama huyo, ikamwacha huru mla nyama ya kopo asiyejua ilikotoka, ni hukumu iliyopotea njia.

Tofauti iko mahali pawili. Kwanza, mfugaji wa kale hakujifanya rafiki. Huwapa ndege wake chakula na banda, nao humpa mayai na nyama. Hawashiki wala hawawapapasi bila ya haja, hawapi majina ya watu, na ndege wenyewe hubakiza hatua mbili tatu kati yao na yeye. Woga mdogo uliobaki ni kweli ndogo iliyobaki. Mtoto wa nyumba hiyo huona tangu utotoni bata akitotolewa, akikua na akichinjwa. Huona pia kwamba hachinjwi kwa mchezo, bali kwa jina la Mungu au kwa haja, na kwamba amtesaye ndege kwa furaha hukemewa. Elimu hiyo yaweza kuwa ngumu, lakini haina uongo ndani yake.

Pili, na hili ndilo lenye uzito zaidi, katika ua wa kupapasia kile kiuzwacho ni uaminifu wenyewe. Bata yule mweupe alikwisha kufanya kazi. Alikubali viganja vya wageni Jumamosi nyingi, na kila kiganja kililipiwa. Aliyeuza uaminifu wake amekwisha kula thamani yake. Akimla na nyama, amekula mara mbili katika sahani moja. Watu hawamsifu mkulima amchinjaye ng'ombe wa jembe jioni ile ile aliyomaliza kulima. Kama kazi yoyote ya mnyama yamstahilia malipo, basi kazi hii, ambayo haiwezi kufanywa ila kwa moyo mtulivu, yastahili malipo ya namna yake. Na malipo yake ni kwamba tumaini lake lisiwe la bure.

Wanafalsafa wa Ulaya wamelitazama jambo hili kwa pande mbili. Immanuel Kant alifundisha kwamba mwanadamu hadaiwi na wanyama wenyewe, lakini amtendeaye mnyama ukatili huuzoeza moyo wake kuwatendea watu vivyo hivyo. Jeremy Bentham, katika kitabu chake cha mwaka 1789, alishika upande mwingine: lililo muhimu si kama mnyama aweza kufikiri au kusema, bali kama aweza kuumia. Mmoja alitazama mkono, na wa pili akamtazama mnyama. Katika ua wa Maneromango wote wawili wana la kusema, lakini hata wakiunganishwa wamesaza kitu. Bata aliyechinjwa vizuri hakuumia sana, kwa hiyo Bentham hana mashtaka mazito. Mzee si mkatili, kwa hiyo Kant hana pia. Kosa lililobaki si la maumivu wala la ukatili. Ni la neno lililotolewa kwa mkono na kuvunjwa kwa mkono, na katika kosa hilo yuko na mtu wa tatu, yaani mtoto.

Mtoto yule aliletwa kujifunza nini? Wazazi watasema alikuja kujifunza huruma. Lakini huruma haifundishwi kwa kupapasa tu, kama kuogelea kusivyofundishwa kwa kutazama maji. Apapasaye hupata furaha. Huruma huanza pale furaha ya apapasaye ipatanapo na haja ya apapaswaye. Mtoto afundishwaye kumkimbiza bata mpaka pembeni, akamshika kwa bawa, akamkumbatia huku bata akifoka na kutafuta njia, amejifunza kwamba mapenzi ni kupata atakacho. Mtoto afundishwaye kuchuchumaa, kunyamaza, kufungua kiganja na kungoja, na kumwacha bata aende akitaka kwenda, amejifunza jambo litakalomfaa hata siku atakapokuwa na mume, watoto na majirani. Alama zipo na si ngumu kusoma. Mkia ukitikisika, kuna idhini. Shingo ikirefuka na kinywa kikifoka, idhini imeondolewa. Bata huyu, aliye karibu na kimya kabisa, ni mwalimu mwema wa somo hilo, kwa kuwa hamlazimu mtoto kwa kelele, humlazimu kutazama.

Wazaramo walikuwa na hekima yao katika jambo hili. Mwali alipowekwa ndani alipewa mwana hiti, mfano mdogo wa mtu uliochongwa kwa mti, akautunza kama mtoto wake. Mikono yake ilijifunza malezi juu ya kitu kisichoweza kuumia, ili siku ya kumpokea kiumbe mwenye nyama na damu isiwe mikono ya mtu wa kubahatisha. Mti ulistahimili makosa yote ya mwanafunzi. Bata hastahimili. Moyo wake hudunda chini ya manyoya, mifupa ya mbawa zake huvunjika, na siku nzima ya kushikwashikwa humchosha mpaka aache kula. Kwa hiyo shamba la kupapasia halina ruhusa ya kumfanya mnyama mdoli. Lazima awe na kivuli, na maji ya kutosha kuzamisha kichwa, na mahali ambapo mkono wa mgeni haufiki. Lazima wageni wawe na idadi na saa zake. Na maji na sabuni viwepo mlangoni, kwa ajili ya afya ya wote wawili. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini sheria yaweza kukataza mateso. Haiwezi kuamuru uaminifu.

Yabaki tatizo moja ambalo mwenye kuhubiri hupenda kulisahau, na mwenye kufuga hawezi. Jike mmoja aweza kuangua vifaranga kumi na zaidi, na karibu nusu yao ni madume. Dume mmoja huwatosha majike wanne au watano. Wakizidi, ua huwa uwanja wa vita, na majike ndio walipao. Bata atunzwaye vizuri aweza kuishi miaka minane, kumi na hata zaidi. Mzee wa Maneromango hawezi kuwalisha wote mpaka wazeeke, wala si haki kumwamuru afilisike kwa ajili ya maadili ya wageni wake. Basi asemwaye kuwa ni mwaminifu afanye nini?

Jibu liko katika wakati. Hiana haikuwamo katika kisu peke yake, wala katika kiganja peke yake. Ilikuwamo katika kuvitumia vyote viwili kwa kiumbe mmoja. Kwa hiyo uamuzi lazima utangulie mazoea. Kabla kifaranga hajalishwa mkononi, mwenyewe ajiulize kama yu tayari kumlisha mpaka mwisho. Awachague wachache, kwa kadiri ya pumba alizo nazo na si kwa kadiri ya wageni watakaokuja, na hao ndio awazoeze. Na wengine waishi maisha ya bata wa nyumbani, wenye chakula, maji, nafasi na hatua zao mbili tatu za woga, wasiguswe na wageni, na siku yao ikifika wachinjwe kwa staha. Hapo mzee hajaahidi asichoweza. Ahadi zake ni chache, lakini kila moja ina mwenyewe.

Yuko atakayesema kwamba huu ni ubaguzi: kwa nini bata mmoja azeeke kivulini, na ndugu yake wa kiota kimoja awe mchuzi, hali hakuna aliyetenda jema kuliko mwenziwe? Lawama hii haina jibu kamili, na afadhali ikubaliwe kuliko kufunikwa. Lakini ahadi zote za wanadamu zina dosari hiyo. Aliyemlea yatima mmoja hakuwalea yatima wote wa nchi, na hasemwi kwa hilo kuwa amtupe yule mmoja ili awe sawa kwa wote. Deni la jumla, la kutomtesa kiumbe, lawahusu bata wote wa ua. Deni la amana lamhusu yule tu aliyeitwa, akaja.

Katika mazungumzo ya mijini siku hizi, kula bata ni kustarehe. Wasemao hivyo hawamfikirii ndege yeyote. Neno limekwisha kuchopolewa manyoya. Haidhuru lugha kucheza, maana ni kawaida yake. Lakini yafaa mahali fulani pawepo ua ambapo neno lile lina makucha, lina joto, na latikisa mkia.

Jumamosi ile, mzee akiwa amekwisha kutengeneza mabanda mawili, mtoto yule yule akija tena na kuuliza, aweza kumwonyesha kwa kidole. "Mjukuu wangu, yule mweupe hayupo. Tulimla, nami nilikosea, kwa sababu alikuwa amekuzoea. Hawa wanne wa kwenye mwembe hawaliwi hapa, hata wakizeeka. Wale wa banda la kule huliwa, nao hatuwapapasi." Huenda mtoto akalia. Huenda wazazi wake wasipendezwe na jibu, wakatafuta ua mwingine ambapo bata wote husafiri. Mzee atakuwa amepoteza kiingilio cha siku moja. Mtoto akimaliza kulia atachuchumaa chini ya mwembe, afungue kiganja, angoje. Na bata jike, aliyetoka mara moja katika kiota chake cha siku 35 kuja kunywa maji, atamtazama kwa jicho la upande mmoja, akipima kama asogee.